Manjano Kwenye Sanduku la Tarumbeta

Mtaani kwao, ukiuliza nyumba ya yule binti anayefuga kansa, hata mtoto mdogo atakuelekeza. Sifa hiyo aliipata kwa shangazi yake mwenyewe, wala haikuwa kwa ubaya. Jirani alimuuliza shangazi huyo mtoto wa kaka yake anafanya kazi gani hasa, maana anaondoka asubuhi amependeza, na jioni anarudi amechoka kama katoka kulima. Shangazi, ambaye neno "sijui" halimpiti mdomoni, alijibu kwamba anafuga kansa ya ini kwenye visahani. Anailisha, anaiweka mahali pa joto inenepe, halafu anaiua. Jirani akataka kujua, kama ni ya kuuawa, inalishwa ya nini? Shangazi akamwambia hayo ndiyo mambo ya kisomo, na wakaachana hapo.

Na hakuwa mbali na ukweli. Yule binti, ambaye nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa darasa la kwanza kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha, alikuwa mtafiti kwenye maabara ya hospitali kubwa. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, hakina dirisha, kinanuka spiriti na plastiki mpya. Pembeni palikuwa na kabati la joto la ukubwa wa friji, na humo, ndani ya chupa bapa zenye maji ya rangi ya waridi, ndimo zilimoishi seli za saratani ya ini. Profesa alizibadilishia maji, alizigawa zilipobanana, na alikuwa amezizoea kiasi kwamba akizitazama kwenye hadubini alijua kama zimeshiba au zina njaa.

Alizitunza hivyo kwa sababu moja tu. Mionzi huua saratani kwa kuvunjavunja vinasaba vilivyomo ndani ya seli. Lakini saratani ya ini ni jeuri. Ukiivunja asubuhi, mchana inajikarabati, jioni inaendelea na mambo yake kama vile hakuna kilichotokea. Ukisema uongeze mionzi mpaka iseme basi, unaunguza na sehemu ya ini iliyo nzima. Profesa alikuwa akitafuta kitu cha kuifunga mikono isiweze kujikarabati, ili mionzi kidogo itoshe. Alikitafuta kwenye mimea. Alijaribu viini vya majani, vya maganda, vya mbegu na mizizi, na vingi havikufanya lolote zaidi ya kuchafua visahani.

Kisha akafika kwenye manjano. Si yale ya jikoni, bali kiini chake kilichosafishwa, poda ya rangi ya chungwa inayokaa kwenye kopo dogo ndani ya friji. Alizilisha seli poda hiyo kwa kipimo kidogo mno, akangoja saa chache, akazishusha kwenye mashine ya mionzi. Visahani vilivyopata mionzi peke yake viliota tena madoa ya seli, mengi kama mvua ya kwanza vumbini. Vile vilivyotangulia kupata poda viliota madoa machache ya kutafuta kwa macho. Akarudia. Yakawa yale yale. Akamwita fundi wa maabara aliyekuwa akifanya naye kazi, akamwomba arudie yeye bila kuambiwa kisahani kipi ni kipi. Yakawa yale yale.

Siku hiyo Profesa alirudi nyumbani na keki. Walikula watatu, yeye, baba yake na shangazi, kwa kuwa mama yake alikwishatangulia mbele ya haki zamani, na shangazi ndiye aliyehamia kwao kumlea. Mezani, mdomo umejaa keki, alisema manjano yanaisaidia mionzi kuua kansa ya ini. Alisema hivyo hivyo, kwa furaha, kwa mkato, kama mtu anavyosema akiwa nyumbani kwao. Hakuongeza kwamba ni kwenye visahani. Shangazi aliacha kutafuna. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akakata kipande kingine.

Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta kwenye bendi ya harusi. Mtaa mzima ulimwita Tarumbeta, na wapo waliosahau kwamba ana jina jingine. Alikuwa mtu wa masharubu meupe aliyoyachana kila asubuhi, mwenye kifua kipana na maneno mengi. Kwa miaka mingi alikuwa na virusi vya homa ya ini bila kuumwa popote, na tangu Profesa alipoligundua hilo alikuwa akimburuta hospitali mara kwa mara apigwe picha ya tumbo. Mzee alikwenda kwa kulalamika, kama mtoto anayepelekwa kunyolewa. Ndipo picha moja, si muda mrefu baada ya ile keki, ikaonyesha doa.

Vipimo vilivyofuata vilithibitisha. Ilikuwa saratani ya ini, bado ndogo, lakini imekaa pabaya, imeegemea mshipa mkubwa wa damu mahali ambapo kisu hakithubutu kufika. Daktari wa mionzi, bwana mmoja mrefu anayeongea polepole kama anayehesabu maneno, aliwaeleza kwamba wataipiga kwa mionzi, na kwamba ana matumaini mazuri kwa kuwa imekamatwa mapema. Tarumbeta aliuliza kama ataweza kupuliza. Daktari akasema hakuna kitakachomzuia. Mzee akamgeukia binti yake akamwambia basi hamna neno, twende zetu.

Profesa hakuona hivyo. Alikaa kwenye gari hospitalini, funguo mkononi, asiweze kuwasha. Zile seli alizozilisha kwa mkono wake, alizozijua kwa njaa na kwa shibe, zilikuwa ndani ya baba yake. Mzee alimwacha alie mpaka akatosheka, kisha akamwambia kwamba kama kuna mtu duniani anayezijua tabia za mgeni huyu ni yeye, kwa hiyo afute machozi, maana anayetakiwa kuogopa ni kansa.

Nyumbani, shangazi alipokea habari akiwa amesimama, mikono kiunoni. Hakulia. Alimvuta Profesa jikoni, akafunga mlango.

"Dawa unayo, baba unaye. Unangoja nini?"

Profesa alijaribu kumweleza. Alimwambia kwamba kwenye kisahani anaidondoshea seli poda moja kwa moja, lakini ndani ya mtu lazima ipite tumboni, ipite kwenye utumbo, na kidogo itakayobaki ifikie ini lile lile lililo mgonjwa. Hakuna ajuaye ni kipimo gani kinafaa na kipi kinadhuru. Poda yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya kumezwa na binadamu. Kabla mtu hajapewa, kuna majaribio ya kupita, na ruhusa, na watu wa kuangalia kila hatua. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba manjano watu wanakula tangu dunia iumbwe na hajasikia mazishi ya mtu aliyekufa kwa manjano.

Ukweli ni kwamba kesho yake, kule maabara, Profesa alifungua friji akalitoa lile kopo. Fundi wa maabara alikuwa ametoka kwenda kula. Alilishika kiganjani, likiwa baridi, akawaza jinsi lilivyo dogo na jinsi ambavyo hakuna atakayejua. Aliwaza masharubu ya baba yake. Kisha akawaza jinsi atakavyojibu likitokea la kutokea, akalirudisha mahali pake, akaufunga mlango kwa goti. Hakumsimulia mtu.

Matibabu yakaanza, na kwa namna ya ajabu yakawa kama sherehe. Ini, mtu anapopumua, hupanda na kushuka pamoja na pumzi, na mionzi inataka shabaha iliyotulia. Kwa hiyo mgonjwa hulazwa kwenye meza, akaambiwa avute pumzi, aishikilie mpaka mashine imalize, kisha aachie. Wagonjwa wengi huhangaika. Wanaachia mapema, wanakohoa, kazi inaanza upya. Tarumbeta alilala, akavuta pumzi yake ya kazini, akafumba macho. Mashine ikazunguka, ikamaliza zamu yake, ikanyamaza. Mzee bado. Wahudumu nyuma ya kioo wakatazamana. Mmoja akashika kipaza sauti akamsihi, mzee wetu, pumua, tumeshamaliza. Akaachia polepole, kwa madaha, akauliza kama wanataka ya pili iwe ndefu zaidi.

Tangu hapo akawa mtu wao. Walimtumia kuwafundisha wagonjwa wengine kupumua, naye akakubali kazi hiyo bila kubembelezwa. Alikaa nao chumba cha kungojea, akawaonyesha jinsi ya kujaza tumbo kabla ya kifua, akawachekesha mpaka wengine wakasahau walichokuja kufanyiwa. Kila siku alikuja na sanduku lake la tarumbeta, akidai mpulizaji hatakiwi kuachana na chombo chake, midomo itasahau. Hospitali haikumruhusu kupuliza, lakini haikuwa na sababu ya kumzuia kubeba sanduku. Shangazi alimsindikiza mara zote, kimya kuliko kawaida yake, na Profesa akafurahi akidhani amekubali matokeo.

Kisha damu ikasema mengine. Katikati ya matibabu walipima, kama wanavyofanya siku zote, na majibu yakaonyesha ini limechachamaa. Si sehemu ile ya ugonjwa tu, bali ini zima lilikuwa linalalamika. Daktari alikunja uso. Alisema kwa hali hiyo hawezi kuendelea kumpiga mionzi, atasimamisha mpaka ijulikane kuna nini. Alimuuliza Tarumbeta kama kuna dawa yoyote ya asili anayotumia. Mzee alitazama dari akasema hapana. Shangazi alitazama viatu vyake.

Profesa alimtazama baba yake, na ndipo akaona. Mtu mnayeonana naye kila siku humwoni. Masharubu yale meupe, fahari ya mtaa, yalikuwa yamepata rangi ya manjano kwenye ncha, kama pamba iliyochovywa kwenye rangi. Hakusema kitu mbele ya daktari. Walipotoka nje ukumbini, aliliomba lile sanduku alibebe, mzee apumzike. Mzee akasema si zito. Profesa akasisitiza. Kwa muda walilivutana, kila mtu anatabasamu, mpaka kifungo kikaachia.

Ndani hamkuwa na tarumbeta. Mlikuwa na chupa ya chai, ile kubwa ya wageni, imelazwa vizuri kwenye shimo la tarumbeta na kuzungushiwa taulo isigonge. Profesa alifungua kifuniko. Harufu ilimpiga puani akarudi nyuma. Manjano yalikuwamo, tena mengi, pamoja na tangawizi, vitunguu saumu, na kitu kingine kichungu chenye harufu ya ubao uliolowa.

"Tarumbeta yenyewe iko wapi?" ndilo swali lililomtoka.

"Chini ya kitanda," alijibu baba yake kwa sauti ya mtoto. "Salama kabisa."

Walipofika nyumbani, Profesa aliingia jikoni moja kwa moja, na huko alikuta sufuria kubwa nyuma ya mlango, kuta zake zimekolea rangi ya dhahabu, na mfuko wa magome ambayo shangazi alikiri kuyanunua sokoni kwa mama mmoja anayesifika. Jina la mti hakulijua. Mzee alikuwa akinywa kikombe kabla ya mionzi na kikombe baada ya mionzi, kwa siku zote zile. Alisema hakutaka kumvunja moyo dada yake, na pia hakutaka kumvunja moyo binti yake, ndipo akaona njia ni kunywa na kunyamaza.

Profesa alikasirika kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Sauti ilimpanda. Alimuuliza shangazi alikuwa anafikiria nini. Shangazi hakupandisha sauti yake.

"Nilikuwa nafikiria ulivyosema wewe, mwanangu. Hapo mezani, unakula keki. Nilikusikia vizuri."

Profesa akaketi kwenye kigoda cha jikoni. Ndivyo alivyosema, kweli, na hakuna neno alilozushiwa. Shangazi hakuwa amefanya jambo lolote ila kumwamini, akaongeza na ya kwake. Hasira ikamtoka taratibu kama upepo kwenye mpira, na badala yake akashikwa na kicheko kisicho na mahali pake, akikumbuka jinsi walivyolivutana lile sanduku. Shangazi alidhani analia, akamshika bega. Kisha akaona ni kicheko, akakasirika yeye.

Asubuhi Profesa alimwomba ajaze ile chupa, kama anavyoijaza siku zote, waende nayo kazini. Shangazi alimtazama kwa kumshuku, lakini akaijaza.

Pale maabara walimvisha koti jeupe lililomfika miguuni na kofia ya kuzuia nywele, akajitazama kwenye kioo cha mlango na kuonekana kuridhika. Profesa alimwonyesha seli kwenye hadubini. Kwanza hakuona kitu ila kope zake mwenyewe. Fundi wa maabara akamrekebishia, na ghafla akajikuta anazitazama ana kwa ana. Aliuliza kama ndizo hizo. Profesa akamwambia ndizo. Akauliza kama zenyewe zinamwona.

Wakafanya kazi pamoja. Profesa aliichuja ile dawa ya shangazi, akaipunguza makali kwa maji mara nyingi, akaidondosha kwenye visahani vya aina mbili. Vingine vilikuwa na seli za saratani, vingine vilikuwa na seli za ini lenye afya. Pembeni akaweka vingine vyenye poda yake safi, na vingine visivyo na kitu. Vyote vikapigwa mionzi, vikarudishwa kabatini. Shangazi ndiye aliyeandika alama juu ya kila kifuniko kwa kalamu nene, na vile vya dawa yake alivichorea chungu kidogo chenye masikio mawili.

Siku zilizofuata alikuwa wa kwanza kuamka na kuuliza kama visahani vimeiva. Vilipoiva, walikwenda. Profesa alimpangia visahani mezani, juu ya karatasi nyeupe. Vya kansa vilivyopewa poda safi vilikuwa karibu vitupu. Vya mionzi peke yake vilikuwa na madoa ya kutosha. Shangazi akakivuta cha kichungu. Kilikuwa kimejaa. Kansa iliyokunywa dawa yake ilikuwa imepona mionzi vizuri kuliko ile ambayo haikupewa kitu. Akakivuta kile kingine cha kichungu, cha seli zenye afya. Hicho kilikuwa na vumbi tu, seli zimenyauka na kuelea.

Kidole chake kilikuwa juu ya kile kichungu alichokichora.

"Nimewalisha wezi," alisema hatimaye, "nikawanyima wenye nyumba."

Profesa alimvutia kiti karibu. Alimweleza kwamba kuna vitu kwenye mimea vinavyoifungulia mionzi njia, na kuna vingine vinavyoikinga seli, yoyote ile, iwe njema au mbaya, na ukivichemsha vyote kwenye sufuria moja hujui kipi kitatangulia. Yale magome pengine ndiyo yaliyoziua seli njema na kuliudhi ini, pengine ni wingi wa manjano, hakuna wa kusema kwa hakika. Akamwambia pia lile ambalo angemwambia mapema, siku ya keki. Kisahani si mtu. Hata hivi vitupu wanavyovifurahia, hajui bado kama ndani ya binadamu vitakuwa hivyo. Ndiyo maana hakumpa baba, ingawa kopo alilishika mkononi akatamani kumpa.

Shangazi alimgeukia. Hilo la kopo lilimwingia kuliko visahani vyote. Alimuuliza kama kweli alilishika. Profesa akaitikia kwa kichwa. Shangazi akamfuta uso kwa mkono wa koti lile refu, ingawa uso ulikuwa mkavu.

Aliyekwenda kwa daktari kusema ukweli ni shangazi mwenyewe, hakutaka kusemewa. Alibeba sufuria, alibeba mfuko wa magome, akavitua mezani kwake katikati ya makaratasi, akaeleza mwanzo hadi mwisho. Daktari yule mrefu alisikiliza kwa upole wake. Alichukua kipande cha gome akakipeleka kuchunguzwa, akamshukuru kwa kumpunguzia kazi ya kubahatisha, na akasema kinachotakiwa ni maji, chakula cha kawaida na subira. Kisha alimtazama Tarumbeta, aliyekuwa amejikunyata nyuma ya dada yake, akamwambia kwamba yeye hana ugomvi na chupa ya chai, ila siku nyingine akimuuliza swali asimtazamie dari.

Ini likatulia. Haikuwa haraka kama walivyotamani, lakini kila kipimo kilikuwa afadhali kuliko kilichopita, na masharubu nayo yakaanza kurudia weupe wake kutokea mashinani. Mionzi ikaendelea pale ilipoishia.

Kilichofuata hakuna aliyekitegemea. Shangazi aligeuka mlinzi. Habari za ugonjwa zilikuwa zimeenea, na watu wema walikuwa wakija na chupa zao, mizizi yao, unga wa majani kutoka kwa mjomba wa rafiki ya mtu. Aliwapokea uani, akawakaribisha viti, akawashukuru kwa moyo wote, na akawaeleza habari za wezi na wenye nyumba kwa kirefu hivi kwamba wengi waliondoka na chupa zao bila kukumbuka walikusudia kuziacha. Mpiga ngoma wa bendi alijaribu kupenyeza kichupa ndani ya mkono wa shati. Alikamatwa kwa harufu.

Miezi ilipita. Picha ya kwanza baada ya matibabu ilionyesha uvimbe umesinyaa. Ya pili ikaonyesha kilichobaki ni kovu, na daktari, ambaye hakuwa mtu wa kuropoka, alisema kwamba anapoitazama haoni kitu kilicho hai. Alionya kwamba watamchunguza mara kwa mara, maana ini lake lina historia. Tarumbeta alisimama, akamkumbatia, kichwa chake kikamfika daktari kifuani. Shangazi alitoka nje ya chumba, na waliomfuata walimkuta ameegemea ukuta wa ukumbi, analia kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze, huku akiwaambia wauguzi wanaopita kwamba ni mafua.

Kuhusu poda ya Profesa, nayo ilisogea, kwa mwendo wake. Majaribio yalitoka kwenye visahani yakaenda kwa panya, yakarudiwa kwenye maabara nyingine, na mwishowe hospitali ikaruhusiwa kuanza na wagonjwa wachache waliojitolea, dawa ikiwa imetengenezwa upya kwa ajili ya binadamu, kwa vipimo vidogo, ili kwanza ijulikane kama ni salama. Waliunda kundi la wagonjwa na ndugu zao la kuwashauri watafiti. Daktari ndiye aliyependekeza shangazi aingizwe. Profesa alishtuka, akasema yule ni shangazi yake. Daktari akajibu kwamba hatapiga kura ya kitu chochote, atatoa ushauri tu, na kwamba yeye kama daktari hajawahi kukutana na mtu aliyemficha jambo kwa ustadi kama ule.

Kikao cha kwanza shangazi alivaa nguo yake ya kuendea harusi. Watafiti walisoma maswali watakayowauliza wagonjwa, na walipofika kwenye lile la kama unatumia dawa za asili, shangazi aliinua mkono. Alisema hilo wote watajibu hapana, na wote watakuwa wanadanganya, tena bila kujiona waongo, maana kwao ile si dawa, ni chai. Akashauri wamuulize mtu anakunywa nini akiamka, nani anamtengenezea, na anachemsha na nini. Na aulizwe anayechemsha, si anayekunywa. Walicheka, kisha wakaandika.

Mgonjwa wa kwanza kujitolea alikuwa mama mmoja mshona nguo, mwenye woga mwingi na mume mwenye maswali mengi zaidi. Asubuhi ya siku yake, Tarumbeta alikuwapo chumba cha kungojea kabla ya wote, bila kuitwa, akimfundisha kujaza tumbo pumzi. Profesa alisimama mlangoni na kidonge kwenye kikombe kidogo cha karatasi. Alikuwa ameitazama poda hiyo kwa miaka.

Mshona nguo alikitazama kile kidonge, akauliza kama kweli kitamponya.

"Sijui bado," Profesa alimwambia. "Mionzi tunaijua. Hiki ndicho tunachotaka kukijua, na wewe unatusaidia. Ukijisikia vibaya hata kidogo, tunaacha."

Yule mama alimtazama mumewe, akamtazama Tarumbeta na masharubu yake, kisha akachukua kidonge akakimeza kwa maji. Walikaa naye wakiongea habari za mashine za kushonea, ambazo mzee alijifanya kuzifahamu, mpaka saa za kungoja zikaisha na jina lake likaitwa. Akaenda kwa miguu yake, mlango mzito ukafungwa nyuma yake, taa nyekundu juu ya mlango ikawaka. Huko ndani, kwenye kipaza sauti, wakamsikia mhudumu akimwambia avute pumzi.